Nitajuaje kilichotokea kweli katika kesi ya Mwamwindi na nyingine za huku kwetu?

SWALI: Niko Dodoma, narekodi simulizi fupi za kesi za mauaji zilizotikisa Kanda ya Kati na mikoa jirani, kisha nazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Kesi ya Mwamwindi na Dk. Kleruu nimesimuliwa na wazee watatu, na kila mmoja ana yake. Nisimulie kesi zipi, na nitajuaje ipi ndiyo kweli?

JIBU: Anza na hukumu, ndugu yangu. Wazee utawasikiliza baadaye, na utawasikiliza vizuri zaidi ukishajua mahakama iliamua nini na kwa sababu gani. Simulizi nyingi za mauaji zinazozunguka kwenye simu zina kasoro moja: zinahangaika na swali la nani aliua, wakati mahakamani swali hilo mara nyingi lilishajibiwa siku ya kwanza. Kila kesi kubwa ina jambo moja lililobishaniwa. Ukilipata hilo, umeipata simulizi yako.

Tuanze na kesi ya Mwamwindi, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja.

Yasiyo na ubishi ni haya. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu (kwenye maandishi mengine utakuta Klerruu, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili), alifika shambani kwa Said Abdallah Mwamwindi huko Isimani, kwenye barabara ya kutoka Iringa kuja Dodoma. Isimani ya wakati huo ilikuwa nchi ya mahindi. Wakulima wenye matrekta walikuwa wamefungua mashamba makubwa, na serikali, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa inasukuma watu waingie vijiji vya Ujamaa. Mkuu wa mkoa alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na Mwamwindi alikuwa mmoja wa wakulima binafsi. Wawili hao wakajibizana. Mwamwindi akaenda nyumbani, akachukua bunduki, akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi Iringa mjini, akajisalimisha.

Basi hapo hakuna fumbo la muuaji. Ukisimulia kwa kumficha ili wasikilizaji wabahatishe, unawadanganya. Kilichobishaniwa mbele ya Jaji Onyiuke wa Mahakama Kuu mwaka 1972 ni hali ya mtu yule dakika zile: je, aliua kwa nia ovu, au alikuwa amechokozwa kiasi cha kushindwa kujizuia, au akili yake ilikuwa imevurugika?

Uchokozi ndipo simulizi nyingi zinapoanguka. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 201, inasema mtu akiua katika joto la hasira iliyosababishwa na uchokozi wa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, kosa lake ni kuua bila kukusudia. Haimaanishi anaachiwa. Linaondoka kosa la mauaji, linabaki kosa jingine ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 202 kinaeleza uchokozi ni nini: kitendo kisicho halali au tusi ambalo lingeweza kumfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia. Na mtu wa kawaida hapo ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa mwenyewe. Kwa hiyo mahakama hailipimi tusi kwa mizani ya wakili wa mjini, inalipima kwa mizani ya wale wanaoishi pale lilipotamkwa.

Ndiyo maana wazee wako wanatofautiana. Mmoja atakuambia habari ya fimbo, mwingine matusi, mwingine makaburi ya ukoo yaliyokuwa shambani. Kila mmoja, hata kama hajui, anajenga hoja ya uchokozi: anatafuta lile jambo ambalo lingemvuruga mtu wa kawaida wa Isimani. Waulize hivi: ulikuwepo, au uliambiwa? Na nani? Yaandike majibu yao pembeni ya yale yaliyomo kwenye hukumu, usiyachanganye. Maneno ambayo Mwamwindi anadaiwa kuyasema alipofika kituoni yana matoleo mengi kuliko kitu kingine chochote katika kesi hii. Usimwekee mdomoni sentensi hata moja ambayo hujaikuta kwenye kumbukumbu ya mahakama.

Sasa rudi kwenye ile njia ya kutoka shambani hadi nyumbani. Sheria inataka hasira iwe haijapoa. Mtu aliyechokozwa akashika jembe lililokuwa mkononi mwake na kupiga papo hapo yuko mahali pamoja. Aliyegeuka, akatembea, akaingia ndani, akatoka na silaha, akarudi, yuko mahali pengine. Kila hatua ya njia ile inaweza kusomwa kwa namna mbili. Upande wa mashtaka utasema hapo alipata muda wa kufikiri. Utetezi utasema ghadhabu ilikuwa ikimbeba njia nzima. Ukiwa na dakika kumi za kurekodi, tumia tano hapo. Simulia mwendo huo polepole, bila kumpa mhusika mawazo uliyoyabuni, kisha waeleze wasikilizaji kile sheria inachokiangalia.

Hoja ya akili ina kanuni yake. Sheria inachukulia kwamba kila mtu ana akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na mwenye kuthibitisha ni mshtakiwa, ingawa hatakiwi kufika kiwango cha kutoacha shaka kama Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Inatosha aonyeshe kwamba uwezekano wa akili yake kuwa ilivurugika ni mkubwa kuliko wa kuwa ilikuwa timamu. Daktari akisema mtu alikuwa amerukwa na akili, mahakama haifungwi na maneno yake. Inaweza kuyakataa ikiwa na sababu nzuri. Na mwenendo baada ya tukio hupimwa pia: kuupakia mwili, kuendesha gari, kwenda moja kwa moja polisi. Wengine huona hapo utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Binafsi naona mwenendo huo hausemi upande mmoja peke yake, na ni kosa kuusimulia kana kwamba unasema.

Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Alihukumiwa kunyongwa, na akanyongwa. Jina la Dk. Kleruu lilibaki kwenye chuo cha ualimu pale Iringa.

Kesi ya pili ninayokushauri iko hapo hapo ulipo, na inashangaza jinsi watu wa Dodoma wanavyoijua kidogo wakati wanasheria wa nje ya nchi wanaifahamu: Jamhuri dhidi ya Mbushuu, aitwaye pia Dominic Mnyaroje, na Kalai Sangula. Ilisikilizwa na Mahakama Kuu Dodoma, shauri namba 44 la 1991, mbele ya Jaji James Mwalusanya. (Ni jaji yule yule ambaye mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, alitamka kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo inakwenda kinyume na Katiba.) Washtakiwa wote wawili walitiwa hatiani kwa mauaji. Hapo kwa kawaida jaji hana la kuchagua: kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaamuru kunyongwa hadi kufa. Lakini tarehe 22 Juni 1994 Jaji Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, akawapa kifungo cha maisha.

Alisimamia ibara ya 13(6)(d) na (e), zinazolinda utu na kukataza adhabu za kinyama au zinazomdhalilisha mtu, na ibara ya 14 ya haki ya kuishi. Aliangalia kunyongwa kwenyewe kunavyofanyika, na miaka ambayo mtu hukaa akisubiri kamba. Hukumu hiyo ni ndefu, na inasomeka vizuri kuliko hukumu nyingi.

Rufaa iliamuliwa tarehe 30 Januari 1995, na uamuzi wake unataka umakini. Mahakama ya Rufani haikusema kwamba kunyonga si ukatili. Ilikubaliana na Jaji Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Ila ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki za mtu mmoja kwa ajili ya maslahi ya umma. Kifungo cha maisha kikafutwa, hukumu ya kifo ikarudishwa. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliijadili kesi hii ya Dodoma katika hukumu yake ya Makwanyane iliyofuta adhabu ya kifo nchini humo. Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo, bila kumwachia nafasi ya kupima, kunakiuka haki ya kuishi. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994, ingawa hukumu zinaendelea kutolewa. Kwa hiyo ukisema kwenye simulizi "akahukumiwa kunyongwa", usirukie "akanyongwa". Hayo ni mambo mawili, na kati yake kuna rufaa, kuna msamaha wa Rais, na kuna miaka mingi gerezani.

Ya Daudi Mwangosi iko karibu zaidi na wakati wetu. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliyeuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya CHADEMA. Askari polisi mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa miaka 15. Tena, nia ndiyo inayotenganisha makosa hayo mawili. Simulia tofauti ya shtaka lililofunguliwa na kosa aliloonekana nalo, kwa sababu ndilo jambo wasikilizaji wako watataka kuelezwa.

Mahakama inaipataje nia ovu wakati hakuna aonaye moyo wa mtu? Rufaa ya Enock Kipela, namba 150 ya 1994, imeorodhesha vitu vya kuangalia, na hutajwa karibu katika kila hukumu ya mauaji: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla au baada, na mwenendo wake kabla na baada. Chukua ugomvi wa kilabuni. Fimbo moja ya mguuni iliyosababisha kifo kwa bahati mbaya, na panga tatu za kichwani. Vyote vimeua, lakini hukumu zitatofautiana. Hivyo ukikuta kwenye hukumu maelezo ya jeraha lilikuwa upande gani na lina kina gani, ujue hayakuwekwa ili kutisha. Ndiyo yanayobeba uamuzi, na ndivyo yanavyopaswa kukaa katika simulizi yako: uyataje pale yanapofanya kazi, si kwa kuogofya.

Dodoma pia imezaa kanuni nyingine mbili zinazotajwa nchi nzima. Rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, namba 110 ya 2007, ndiyo rejea ya mnyororo wa utunzaji wa vielelezo: nani alikikamata kisu, alimkabidhi nani, kilikaa wapi, kilikwenda kwa mkemia lini, kikarudi vipi, na karatasi iko wapi. Pete moja ikikatika, kielelezo kinaweza kukosa thamani hata kama kina damu. Rufaa ya Mathayo Mwalimu na mwenzake, namba 147 ya 2008, inahusu mtu wa mwisho kuonekana na marehemu: asipokuwa na maelezo yanayoingia akilini, anaweza kuchukuliwa kuwa ndiye muuaji. Kwa simulizi za usiku, rejea ni kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya 1980. Shahidi alimwona kwa muda gani, akiwa umbali gani, kwa mwanga gani, na alikuwa anamfahamu kabla? Kibatari, mbalamwezi na tochi ya simu havilingani. Shahidi akisema tu "nilimtambua" bila kueleza mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, kesi iko mashakani.

Singida utaisikia kwa ajili ya watu simba. Miaka ya 1940 ilipokuwa inaelekea mwisho, watu walikutwa wamekufa wakiwa na majeraha kama ya makucha. Serikali ya kikoloni iliamini kuwa baadhi ya vifo vilikuwa kazi ya wauaji waliojifunika ngozi za simba, na watu wakashtakiwa, wakahukumiwa, wakanyongwa. Hapo nakuomba uende polepole. Simba walao watu walikuwepo kweli katika mbuga zile, hofu ya uchawi ilikuwepo, na ushahidi ulipitia kwa wakalimani. Mafaili ya enzi hizo yatafute Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Bila faili mkononi, simulia hofu ile na mashtaka yale, usisimulie "siri ya watu simba" kana kwamba unaijua.

Sasa namna ya kufanya kazi yenyewe. Hukumu zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Tafuta kwa jina la mshtakiwa, ukijaribu tahajia tofauti, kisha chuja kwa mahakama na kituo. Alama TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Zile za 1967 hadi 1972 zimo kwenye vitabu vya muhtasari vya HCD (High Court Digest), ambavyo mara nyingi hutoa aya chache tu. Zinazofuata zimo kwenye LRT (Law Reports of Tanzania), kisha kuanzia 1980 kwenye TLR (Tanzania Law Reports), na maktaba za vyuo vya sheria huwa nazo. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini usitegemee kesi za zamani kwa Kiswahili.

Anza kusoma kutoka juu, yaani hukumu ya rufaa. Kurasa zake za mwanzo hufupisha tukio, kisha hufuata sababu za rufaa. Hizo ndizo zinazokuonyesha ubishi uko wapi. Ndipo ushuke kwenye hukumu ya Mahakama Kuu kupata sauti za mashahidi. Tafuta pia orodha ya mambo yasiyobishaniwa, inayotokana na usikilizwaji wa awali: jina la marehemu, siku ya kifo, sababu ya kifo kwa mujibu wa daktari, kukamatwa. Hayo unaweza kuyasimulia kwa sauti kavu bila wasiwasi. Yote mengine yapewe mwenyewe: "shahidi wa tatu wa Jamhuri alisema", "mshtakiwa katika utetezi wake alieleza". Nakili katika safu nne: tarehe na saa, mahali, kilichotokea, nani kasema. Ukiona safu ya nne iko wazi, sentensi hiyo ifute.

Magazeti yana mtego wake. Mtu akishtakiwa kwa mauaji hufikishwa kwanza mahakama ya chini, na utasoma kwamba "hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka". Hajakiri wala hajakana. Mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na dhamana haipo. Vivyo hivyo "aliachiwa". Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri, mtu hutoka, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Kuachiwa na mahakama baada ya kuonekana hana hatia ni jambo jingine kabisa. Na rufaa ikishinda, angalia kwa nini. Zipo hukumu nyingi zilizofutwa si kwa sababu mtu hakuua, bali kwa sababu wazee wa baraza, yaani raia wanaoketi na jaji kumshauri, hawakuelekezwa sawasawa na jaji, au maelezo ya onyo, yale anayoyatoa mshtakiwa polisi, yalichukuliwa nje ya saa nne za msingi baada ya kukamatwa, au nyaraka ilipokelewa lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani. Wakati mwingine mahakama huamuru kesi isikilizwe upya. Msikilizaji wako ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo.

Namba za vifungu nazo ziangalie. Toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu vingi vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa hiyo kifungu kilichotajwa kwenye hukumu ya 2010 huenda leo kina namba nyingine. Taja jambo, namba iache.

Kesi mpya ziache zipoe. Kama lile tukio la familia ya watu watano waliokutwa wamekufa nyumbani kwao Zanka, wilayani Bahi, Januari 2022: ndugu wapo, majirani wapo, na watoto wa ukoo ule wako shuleni na wana simu. Usitaje jina la mtu ambaye hajahukumiwa, hata kama kijiji kizima kinalitaja. Picha za miili usizitume kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na "nilitumiwa na mimi nikasambaza" haitakuokoa. Ukitaka kusimulia kesi ya miaka ya karibuni, tafuta ndugu wa marehemu kwanza, uwaambie unachokusudia kufanya. Wakikataa, zipo kesi nyingine.

Kwa kurekodi kwa mara ya kwanza, ningekuomba uanze na Mbushuu badala ya Mwamwindi. Hukumu zote mbili, ya Juni 1994 na ya Januari 1995, zimechapishwa kwenye TLR, kwa hiyo kila unachosema utaweza kukionyesha ukurasa wake. Ya Mwamwindi ifuate, ukishakuwa na muhtasari wa HCD mkononi na maelezo ya wale wazee watatu yakiwa yameandikwa kila mmoja kwenye karatasi yake.